Simulizi za marehemu kwenye familia yenye watoto: mnaanzaje?

Swali
Habari wadau. Naandaa kikao cha familia iliyofiwa na baba. Yupo mama na watoto wa miaka 4, 9 na 15. Nataka wasimuliane habari za marehemu, ila nahofia nikisema "kila mtu aseme anachokumbuka" tutaishia kwenye kimya au kilio. Mnaanza na nini?

Jibu 1
Swali hilo ni pana mno, ndiyo maana watu hunyamaza. Weka mezani kitu kimoja cha marehemu, kofia au miwani, uulize vidogovidogo: "Akirudi nyumbani aliiweka wapi? Nani alikatazwa kuigusa?" Hapo mtu anapata pa kuanzia. Nusu saa inatosha. Wa miaka 4 atachoka mapema, mwache achore pembeni, masikio yake yapo. Yeyote aruhusiwe kusema "nipite" bila kuulizwa kwa nini. Huyo wa 15 ataitumia sana, na wala si kiburi.

Kilio chenyewe hakina shida. Shida ni mtu mzima anayekimbilia kukizima: "Nyamaza, baba hapendi ulie."

Jibu 2
Kwa mdogo, msiseme baba "amelala" au "amesafiri". Umri huo bado hauelewi kwamba kifo hakina kurudi, kwa hiyo ataogopa kulala, au atasubiri mlangoni. Mwambieni: "Baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii maumivu, na hawezi kurudi." Kesho atauliza tena, mjibuni kwa maneno yaleyale. Wengine hujilaumu kimoyomoyo (nilimkasirikia, ndipo akafa), hivyo mwambieni wazi kuwa hasira haiui mtu. Hadithi ya mnyama aliyefiwa humfungua mdomo, mradi marehemu wa hadithini asifufuke.

Mwulizaji
Na wakibishana? Mama anasema marehemu alikuwa mpole, kijana anasema alikuwa mkali.

Jibu 3
Usiwe hakimu. "Mama alimwona hivi, wewe ulimwona vile," kisha songa mbele. Marehemu akishageuzwa malaika, kijana hufunga mdomo, maana baba anayemkumbuka yeye hana nafasi pale.

Saa za mwisho za marehemu usizichokonoe. Kama kifo kilikuwa cha kikatili, hiyo ni kazi ya mtaalamu wa kiwewe. Majonzi makali yanayomzuia mtu kuendesha maisha yake hata baada ya miezi 6 (ndicho kipimo cha ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, WHO), naye mpe rufaa kwa mtaalamu. Anayesema anataka kumfuata marehemu, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.