Forodhani: kukaa kwenye baraza ya umma siku hizi mpaka ununue mshikaki?

Wakuu, nina hasira na sitaki kuambiwa nipoe. Mods, msiuunganishe uzi huu na zile za vivutio vya Zanzibar, mie sitangazi utalii hapa.

Jumamosi nimempeleka bibi yangu Forodhani, ile bustani ya pwani ya Mji Mkongwe, Unguja. Kashapita miaka 80, magoti yanamsumbua, kaja Unguja kutoka Pemba kwa matibabu. Alichotaka ni kukaa kitako, apigwe na upepo, aangalie vijana wanavyopiga makachu, kujirusha baharini kutoka ukutani, jua likizama. Basi. Nikamkalisha kwenye baraza ya saruji, hata kandambili hajavua, akaja kijana na aproni nyeupe na kofia ya mpishi: "Bi mkubwa, hapo wanakaa wateja."

Wateja wa nani? Nikamuuliza kama baraza kaijenga yeye. Akanyoosha mkono kwenye meza yake kama anayenionyesha mpaka wa shamba la baba yake.

Nikaamua kununua ili bibi apumzike, na hapo ndipo nilipojimaliza. "Bei gani?" "Kula kwanza braza, hatutashindwana." Ukisikia neno hilo Forodhani, ujue umeshashindwa. Mishikaki miwili ya pweza, mmoja wa kamba, mkate wa ufuta mmoja na glasi mbili za maji ya miwa: 45,000! Pweza mwenyewe kapashwa moto sijui mara ya ngapi, unatafuna mpaka taya zinalia. (Maji ya miwa yalikuwa mazuri, nisimsingizie mtu. Ndimu na tangawizi zilikolea.)

Mie naishi Dar mwaka wa 12 sasa, nadhani alisikia lafudhi yangu ya bara akajua kapata. Bibi, aliyekuwa kimya muda wote, akafungua kinywa na Kipemba chake. Bei ikashuka mpaka 20,000 papo hapo. Yaani 25,000 nzima ilikuwa bei ya lafudhi!

Sasa nataka mtu anijibu, ile baraza ni ya nani? Maana pale palikuwa na mabanda ya forodha, ndiko jina lilikotoka. Yakavunjwa, na katikati ya miaka ya 1930 Waingereza wakapanda bustani kusherehekea jubilei ya miaka 25 ya mtawala kwenye kiti, wakaiita ya Jubilei. Bibi mpaka leo hulitumia jina hilo. Mwaka 1956 wakaongeza na kile kibanda cha pwani kwa ajili ya ziara ya Princess Margaret. Bustani ya wakubwa kwa wakubwa. Yakaja Mapinduzi ya 1964, ikageuzwa jina ikaitwa Bustani ya Jamhuri. Jamhuri, jamani! Leo mwananchi wa jamhuri hiyo anainuliwa kwenye baraza na mwenye jiko la mkaa.

Wapo watakaosema wenye meza ndio wanaoichangamsha Forodhani. Kweli, nami nimekulia urojo wa pale enzi za karabai, vumbi tupu na harufu ya mitaro. Lakini Aga Khan walipoitengeneza upya 2008 mpaka 2009, wakakarabati ukuta wa bahari, wakaweka taa na mabaraza, watoto wakapata pa kuchezea, haikuwa kwa ajili ya meza peke yake. Wauzaji wana sehemu yao. Baraza si sehemu yao.

Na msinielewe vibaya, wenye haki wapo. Mzee mmoja wa urojo alituona tunabishana, akamletea bibi kiti chake mwenyewe cha plastiki na hakuuliza kama tunanunua. Bibi akakaa akiitazama Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la masultani ng'ambo ya barabara, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, hakusema neno mpaka tunaondoka.

Ninachotaka ni kidogo tu. Kila meza iwe na kibao cha bei, bei moja kwa Mzungu, kwa mtu wa bara na kwa Mpemba. Na mwenye meza aishie mezani kwake.

Alhamisi bibi anapanda boti kurudi. Jumatano jioni tunakwenda tena, na chupa yetu ya chai na mkate wa kumimina kutoka nyumbani, tukae baraza ileile. Aje aniambie tena wanakaa wateja.