Kikundi: Majirani Nkuhungu (Intaneti)

18:52 Mama Neema: Jioni njema majirani. Intaneti inasuasua tena. Neema ana kazi ya kutuma leo. Dula upo kwenye kompyuta?

19:10 Mama Neema: Tiki za bluu naziona. Mnasoma mnakaa kimya.

19:16 Dula: Nipo mama. Nimepiga ip -s link, RX errors 48,213. Baada ya dakika moja 48,790. Zinapanda, si za zamani.

19:17 Mama Neema: Kiswahili Dula

19:19 Dula: Data inafika imeharibika, mashine inaitupa. Linux ya kompyuta haina kosa. Amri ya ethtool inasema kasi ni 100Mb/s badala ya 1000. Elfu inataka jozi zote nne za waya, mia inaenda na mbili. Kuna jozi imekatika.

19:20 Baba Jose: Jozi nne za viatu au soksi 😂😂

19:21 Mama Kulwa: 😂 za soksi

19:23 Baba Jose: Labda umbali tu

19:24 Dula: Kikomo ni mita 100, hapa hata 50 hazifiki

19:31 Shaibu: Nimeizima kompyuta nikaiwasha, vipi sasa?

19:32 Dula: Shaibu!! Umefuta hesabu yote

19:40 Dula: Sawa, kutoka sifuri zimeshafika 902. Nimechomeka kebo fupi kwenye swichi ya mtandao, errors zimesimama palepale.

19:44 Dula: [Picha] Geti la Baba Jose. Bawaba imebana waya, ganda limechubuka, shaba imeota kijani.

19:45 Mama Neema: Nilisema.

19:47 Baba Jose: Waya huo nilinunua mimi. Elfu ishirini yangu mpaka leo sijaiona.

19:48 Mama Neema: Si uliikata kwenye hela ya tenki?

19:48 Baba Jose: Tenki limeingiaje hapa

19:49 Baba Jose: Ujumbe huu umefutwa

20:31 Mzee Balozi: Mbukwenyi. Nimesoma. La tenki lilikwisha barazani kwangu, na nyote mlikunywa chai. Waya usipite getini tena. Upite juu ya ukuta wangu. Kesho saa moja, kabla sijaenda shamba.

20:40 Baba Jose: Shikamoo mzee. Sawa.

20:41 Mama Neema: Asante mzee. Kila nyumba elfu tano, leo. Dula anunue ya shaba tupu, si ile ya aluminiamu.

20:42 Dula: Na ngazi?

20:58 Baba Jose: Ngazi ninayo. Anayeitaka aje aniombe.

22:47 Mama Kulwa: Kumbe intaneti mbovu kweli? Mimi niko kwenye bando

22:48 Mama Neema: Elfu tano hiyohiyo.