Tupeane uzoefu: Mgongo wa chini na kiuno vinapouma, wewe ulifanyaje?

Mama Dagaa, Kirumba

Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka 44, biashara yangu ni dagaa, huu mwaka wa kumi na tano sasa. Nanunua wabichi mwalo wa Igombe, naanika, mzigo mkavu naushusha soko la Mwaloni, hapa Mwanza.

Wakati wa masika niliinama kuokota turubai. Turubai tupu, halina kitu. Nikasikia kiuno kimeshikwa kama nimefungwa kamba, sikuweza kunyooka, wakanibeba hadi kitandani. Nikalala siku sita. Kila aliyekuja kunijulia hali alikuja na ugonjwa wake mkononi: huyu figo, yule chango, mwingine UTI, jirani akanong'ona kwamba nimetupiwa kitu. Nikachomwa sindano tatu kwenye duka la dawa, kila moja nafuu siku moja, ya pili yanarudi.

Siku ya saba mvua ilikatika, dagaa walikuwa wanaharibika, nikaamka kwa sababu sikuwa na namna. Nikatembea polepole mpaka kwenye maanikio nimeshikilia fimbo. Jioni ile nikashangaa, maumivu yalikuwa yamepungua kuliko siku zote nilizolala. Tangu hapo najiuliza kama kulala ndiko kulikonichelewesha.

Naomba kila mwenye kisa chake akiseme. Ulikuwa unafanya kazi gani, ulijaribu nini kikakataa, na ni kitu gani kwenye kazi yako ulikibadilisha. Majina ya vidonge tusipeane hapa, kila mtu ana tumbo lake na presha yake.

Mvuvi, Kayenze

Shikamoo mama, pole sana. Mimi ni wa dagaa pia, ila upande wa majini. Miaka tisa navuta wavu usiku.

Nitakwambia nilichokigundua mwenyewe. Watu wanadhani mgongo unaumia giza linapokolea, kazi inapokuwa nyingi. Kwangu ulikuwa unaniua usiku wa kwanza na wa pili wa kurudi ziwani baada ya mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, tunakaa nchi kavu siku kadhaa. Mimi nilikuwa nalala tu, nakula, nacheza bao. Halafu giza linaingia, naenda kuvuta wavu uliojaa maji kwa mwili uleule uliolala wiki nzima. Lazima ukatike.

Sasa hivi mbalamwezi ikija nafanya kazi za nchi kavu. Nabeba maji nyumbani, nalima bustani, natembea kwa mguu mpaka Igombe na kurudi. Usiku wa kwanza majini navuta kwa zamu na wenzangu, simalizi wavu peke yangu kuonyesha ubavu. Mwaka wa pili huu sijashikwa vile. Na jambo dogo lingine: mtumbwini usivute huku kiwiliwili kimejipinda. Geuza miguu kwanza, uelekee wavu, ndipo uvute.

Binti wa Mlimani, Mabatini

Sisi wa milimani maji yakikatika tunayafuata bondeni. Ngazi zenyewe ni mawe, nyingine zinafika magotini. Nilijifungua mwezi wa kwanza, na mwezi wa tatu nilikuwa nimeshaanza kupandisha dumu la lita 20 kwa mkono mmoja, mtoto mgongoni. Lita 20 ni kilo 20, tena zinakuvuta upande mmoja. Kiuno kikawa kinawaka moto upande wa kulia, naamka usiku kumgeuza mtoto nalia.

Mama mkwe wangu ndiye aliyenisaidia, Mungu ambariki. Akachukua lile dumu, akaleta mawili ya lita kumi kumi, kila mkono moja. Safari zikawa zilezile, mzigo ni uleule, lakini sikuwa nimepinda tena. Akaniambia pia mtoto abaki naye nikienda maji. Beseni la kufulia akalipandisha juu ya benchi, na lile fagio fupi la chelewa akalifunga kwenye mti mrefu. Nilidhani ananidekeza. Baada ya wiki tatu niligundua kwamba kutwa nzima nilikuwa ninainama na sikuwa najua: kufagia, kufua, kuosha vyombo, kupika kwenye jiko la chini, kumwogesha mtoto.

Jiko bado liko chini. Nimekaa kwenye kigoda kirefu kidogo, naendelea.

Boda, Buhongwa

Mimi pikipiki saa kumi na mbili kwa siku. Dawa yangu ni mkanda wa mgongo, ule mpana wa kubana. Nikiuvaa naenda popote, barabara ya vumbi hata ikiwa na mashimo. Nisipouvaa jioni siwezi kushuka. Shokapu za nyuma nazo nilibadilisha, na pochi nimeitoa mfuko wa nyuma, nilikuwa nimeikalia miaka mitatu, kalio moja juu, jingine chini.

Mfiziotherapia, Nyamagana

Habari zenu. Kazi yangu ni hii, nafanya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi, hapa Mwanza, kwa hiyo naomba nichangie kwa urefu kidogo.

Mama Dagaa, ulichokihisi siku ya saba ndicho tunachowaambia wagonjwa kila siku. Maumivu ya mgongo wa chini ni jambo la watu wengi mno. Shirika la Afya Duniani lilitaja watu milioni 619 kwa mwaka 2020, na linatarajia wafike milioni 843 ifikapo 2050. Katika kila watu kumi, karibu tisa hatuwezi kunyoosha kidole na kusema ni pingili hii au diski hii, ile laini iliyo kati ya pingili, imeharibika. Misuli na viungo vimekasirika, basi, na vingi hutulia ndani ya wiki chache. Kulala siku moja au mbili kwa sababu huwezi kusimama si kosa. Kulala wiki kunalegeza misuli, na hofu inaota mizizi, mtu anaanza kuamini kila kuinama kutamvunja. Turubai lako halikukuvunja kitu, mama. Lilikuta mgongo uliochoka.

Ndiyo maana eksirei si ya kukimbilia siku ya kwanza kama hakuna dalili mbaya. Nimeona mtu ameonyeshwa picha yenye diski iliyochakaa kidogo, jambo ambalo hata wasioumwa wanalo, na tangu siku hiyo akaacha kubeba hata mtoto wake. Inaniuma sana kuona hivyo.

Kutembea kuna nguvu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa Australia uliofuatilia watu 701 waliokuwa wametoka kupona mgongo. Waliopewa mpango wa kutembea, wakiongeza kidogo kidogo hadi kama nusu saa, siku tano kwa wiki, walikaa kwa wastani siku 208 kabla ya maumivu kuwarudia. Wale ambao hawakupewa mpango huo, siku 112. Hakuna mashine hapo, ni miguu tu. Mvuvi wa Kayenze ameligundua hilo bila utafiti.

Boda, ndugu yangu, mkanda huo sikunyang'anyi. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo haupendekezi mikanda kuwa tiba ya kawaida, unapendekeza mazoezi na elimu. Anza kuupunguza, leo saa nne bila mkanda, wiki ijayo sita. Na shuka kwenye pikipiki kila unapokosa abiria, tembea kijiweni badala ya kuikalia.

Kuhusu figo: maumivu ya figo mara nyingi huwa juu zaidi, chini ya mbavu kwa ubavuni, na hayabadiliki ukiinama au ukigeuka. Mara nyingi huja na homa au mabadiliko ya mkojo. Sindano na vidonge vya diklofenaki au ibuprofeni vinatuliza, ila vikitumiwa ovyo vinaleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo zenyewe, hasa kwa mwenye presha. Yaani unaogopa figo, kisha unaiharibu kwa dawa ya mgongo.

Mzee wa Nansio

Nimesoma, nimeona niongeze upande wa pili, maana si kila mgongo ni misuli.

Mke wangu alianza kuumwa tukidhani ni jembe, kipindi cha kupalilia mihogo. Akapumzika, akatembea, akakandwa maji ya moto, hakuna. Maumivu yalikuwa yanamzidia usiku amelala kabisa. Jioni anatetemeka kwa homa ndogo, nguo zikaanza kumpwaya. Hakuwa anakohoa hata kidogo, ndiyo maana hakuna aliyewaza kifua kikuu. Miezi mitano tulipoteza tukizunguka. Kumbe kilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Alimeza dawa mwaka mzima, bila malipo kama dawa zote za kifua kikuu hapa nchini, na leo analima. Kamgongo kamebaki kamepinda kidogo, kwa sababu tulichelewa. Hilo ninalibeba mimi.

Mgongo unaouma zaidi umelala, pamoja na homa na kukonda, msiukande.

Mhasibu, Pasiansi

Mimi ni wa kiti na kompyuta. Nilibadilisha kiti mara mbili, hakikusaidia sana. Kilichosaidia ni kuweka kengele kwenye simu kila nusu saa, nainuka, nachota maji mwisho wa korido, narudi.

Sengerema Juu

Samahanini naingilia. Mgongo wangu ulikatika juzi nikishusha mifuko ya saruji. Maumivu yameshuka miguu yote miwili. Kuanzia jana jioni sehemu ya kukalia imekufa ganzi, hata nikijifuta sihisi vizuri. Na mkojo unakataa kutoka, nasukuma sana unatoka matone. Nimekandwa, nimepewa sindano. Je, mazoezi gani yanafaa? Au nitembee hivyo hivyo kama mlivyosema?

Mfiziotherapia, Nyamagana

Ndugu wa Sengerema, acha kila kitu. Hakuna zoezi. Nenda hospitali usiku huu huu, usingoje asubuhi. Ganzi sehemu za siri na makalio, pamoja na mkojo kukataa, ni dalili kwamba mishipa ya fahamu ya chini ya uti wa mgongo imebanwa. Ikifunguliwa upesi mtu anaweza kurudi sawa. Ikicheleweshwa, mkojo, choo na miguu vinaweza kubaki hivyo maisha yote. Ukifika mapokezi usiseme "mgongo unauma", watakuweka kwenye foleni. Sema: "nimekufa ganzi sehemu za siri na siwezi kukojoa". Sema maneno hayo hayo. Una mtu wa kukupeleka?

Mvuvi, Kayenze

Kaka nenda. Zamani ungelala Busisi unasubiri kivuko, sasa daraja lipo, gari linapita muda wowote. Tafuta gari, usipande boda na mgongo huo.

Sengerema Juu

Mdogo wangu anatafuta gari. Nimeogopa.

Mfiziotherapia, Nyamagana

Kuogopa ni haki yako, ila twende. Lala ubavu kwenye gari, usile kitu njiani endapo watataka kukupasua.

Wengine mnaosoma, chukueni na hizi: mguu unaolegea kadiri siku zinavyokwenda, mgongo ulioanza baada ya kuanguka kutoka juu, mgongo kwa mtu aliyewahi kuugua saratani, na yale aliyoyasema Mzee wa Nansio. Na sisi wa pembezoni mwa ziwa tuna letu: kichocho, mara chache, hufika kwenye uti wa mgongo. Kijana anayeoga ziwani kila siku, akiumwa mgongo kisha miguu ikaanza kukosa nguvu, daktari aambiwe kuhusu ziwa.

Mama Dagaa, Kirumba

Sijalala, nasubiri habari za Sengerema.

Nikiwa nasubiri niseme langu lililobadilika, kwa sababu nimeuliza watu na mimi sijajibu. Nilikuwa naanika mchangani. Kutandaza, kugeuza, kukusanya, vyote nimeinama, saa nne hadi sita kwa siku. Mwezi uliopita nimejenga vichanja vitatu vya miti na nyavu, urefu wa kiuno changu. Sasa nageuza dagaa nimesimama. Mgongo umetulia, na dagaa hawana mchanga, wanunuzi wananiongezea bei. Miti na misumari nilikopa kwenye kikundi, nimesharudisha nusu. Wenzangu wa Igombe wanaoanika chini, njooni muone, nitawaonyesha vipimo.

Sengerema Juu

Huyu ni mdogo wake. Tulifika hospitali ya Bugando saa nane usiku. Nilisema yale maneno kama yalivyoandikwa, wakamchukua moja kwa moja, wakamtoa mkojo kwa mpira, asubuhi akapigwa picha ya MRI, jioni wakampasua. Leo siku ya pili. Mguu wa kulia umeanza kuhisi nikimgusa. Mpira wa mkojo bado upo, daktari amesema tusubiri. Kaka amesema niwasalimie wote.

Mama Dagaa, Kirumba

Mungu ni mwema. Mdogo wangu, hapo hospitalini huna mwenyeji, na mgonjwa wa upasuaji anahitaji uji. Niandikie pembeni wodi aliyopo. Kirumba na Bugando si mbali, kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa getini na chupa.