Naomba ushauri: katuni za kutisha na za sayansi ya kubuni, nipime mchoro kwanza au hadithi?

Mwalimu_Tanga

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, huku Tanga. Klabu ya sanaa ya shuleni kwetu imeendesha shindano la katuni, na wanafunzi wenyewe ndio waliochagua aina: hadithi za kutisha na hadithi za sayansi ya kubuni. Tumepokea kazi 19, kila moja ina kurasa 8. Majaji tuko watatu: mimi, mwalimu wa sanaa na mwalimu wa fizikia. Tulitengeneza fomu, mchoro alama 50, hadithi alama 50, tukabandika kurasa zote kwenye ubao wa ukumbini, tukazunguka na kalamu zetu.

Matokeo yananikosesha amani. Inayoongoza ni ya kijana wa kidato cha tatu, chombo cha anga kinatua Mirihi. Mkono wake ni wa ajabu, kachora mitambo nati kwa nati, vivuli vya penseli vimetulia. Lakini hadithi yenyewe ni watu wanatua, wanapigana na viumbe, wanashinda. Ya binti mmoja wa kidato cha pili imeshika nafasi ya 7. Kachora kwa kalamu ya bluu ya kawaida, vidole kama ndizi, nyuso zote za ndugu mmoja. Inahusu mtoto anayetumwa kisimani jua likizama, akafika akasikia anaitwa jina lake kwa sauti ya bibi yake, na bibi huyo yuko nyumbani. Leo siku ya tatu bado naiwaza. Ile ya Mirihi ukiniuliza nitakutajia mitambo tu.

Mwenzangu wa sanaa ananiambia mimi ni mtu wa fasihi, navutia kwangu. Huenda ni kweli, kuchora sijasomea. Ndiyo maana nauliza: mtu asiyechora anaupimaje mchoro wa katuni kwa haki? Watoto hawa wamekesha na kazi hizi. Natanguliza shukrani.

WinoMweusi

Shikamoo mwalimu. Nachora kwa kulipwa, huu mwaka wa kumi na moja.

Kinachokusumbua ni hiyo 50 kwa 50. Mmeigawa kana kwamba hadithi imekaa kwenye maneno, na picha zimekuja kuipamba. Katuni haina mpaka huo. Jaribu hivi: ziba maneno yote ya ukurasa mmoja kwa karatasi, mwite mtu ambaye hajaisoma, mwulize nini kinatokea hapa na jicho lake lilianzia wapi likaenda wapi. Akikueleza sawasawa, aliyechora anajua kuchora katuni, vidole viwe ndizi au viwe mihogo. Kisha geuza, ziba picha usome maneno peke yake. Kama maneno yamekupa kila kitu, picha zilikuwa na kazi gani?

Hata wakubwa waliteleza hapa. Kampuni ya EC ya Marekani ndiyo iliyotoa komiki za kutisha na za anga zinazosifiwa mpaka leo, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mhariri wao, Al Feldstein, aliandika maelezo marefu, na maelezo hayo yakaandikwa kwenye karatasi ya kuchorea kabla mchoraji hajagusa kalamu. Mchoraji alipewa nafasi iliyobaki. Ndiyo maana mara nyingi unakuta maelezo yanasema mtu anafungua mlango akitetemeka, na chini yake mtu anafungua mlango akitetemeka.

Walioponea pale ni wale ambao wino wao ulisema kisichoandikwa. Graham Ingels, aliyekuwa akitia sahihi "Ghastly", alichora nyama ya mtu kama mshumaa unaoyeyuka, nywele zimelegea, midomo ina nyuzi za mate. Unahisi uozo kabla hujasoma herufi. Na Bernard Krigstein, mwaka 1955, alipewa hadithi ya kurasa 6 akaona haimtoshi, akaomba nafasi zaidi wakampa 8. Akazikata fremu kuwa vipande vyembamba vyembamba. Mwishoni treni ya chini ya ardhi inapita, na nyuso za abiria dirishani zinajirudia na kujirudia. Hakuna neno linalokwambia treni ina kasi. Unaiona kasi yenyewe.

NatiNaBolti

Namheshimu WinoMweusi ila msimwonee kijana wa Mirihi. Hadithi ya kutisha inaweza kusimama kwa kivuli na mlango uliofunguka nusu. Sayansi ya kubuni inakutaka umwaminishe msomaji kitu ambacho hakipo duniani, na huwezi kumwaminisha kwa kuchorachora. Mtoto aliyekaa na nati moja moja kafanya kazi ya hadithi, hata kama hajui.

Swali langu kwako mwalimu ni hili: hiyo mitambo inatumika? Fuata kitu kimoja tu kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Mlango uliokuwa kushoto umebaki kushoto? Kilichoonyeshwa mwanzo kina kazi mwisho? Kama hapana, ni urembo, mpunguzie. Kama ndiyo, rudi ukasome upya.

Nakupa mfano. Mwaka 1953 hao hao EC walitoa hadithi fupi katika komiki yao ya Weird Fantasy namba 18, mchoraji Joe Orlando. Mkaguzi kutoka duniani anafika sayari ya roboti kuangalia kama wamestahili kuungana na walimwengu wengine. Anakuta roboti za rangi ya chungwa zinaishi vizuri na za bluu zimetengwa, ingawa zote ndani ni mashine zile zile. Anawanyima. Muda wote huo kavaa kofia ya anga, uso wake huuoni. Fremu ya mwisho, akiwa ndani ya chombo chake, kavua kofia: ni mtu mweusi, jasho linameta usoni. Walipotaka kuirudia 1956, wakaguzi wa maadili ya komiki walipinga mhusika kuwa mweusi. Mchapishaji, William Gaines, alikataa kubadilisha akaitoa kama ilivyo. Alijua ukiondoa uso ule hakuna hadithi iliyobaki. Neno halikusema, picha ndiyo ilisema.

mama_Nuru

Mpe binti. Kilichokukaa siku tatu ndicho kilichoshinda.

Nahodha77

Mama_Nuru, kukaa kichwani peke yake hakutoshi, hata picha mbaya ya ajali inakaa kichwani.

Mwalimu, kuna mfano ambao unajibu swali lako karibu lote. Argentina, 1957, mwandishi Héctor Oesterheld alianza hadithi ya El Eternauta na mchoraji Francisco Solano López. Marafiki wanacheza karata usiku kwenye nyumba ya kawaida huko Buenos Aires. Nje inaanza kudondoka theluji inayong'aa, na kila inayemgusa anakufa papo hapo. Solano López alichora watu wa mtaani hasa, nyuso za kuchoka, makoti, barabara ambazo msomaji wa Buenos Aires alizipita asubuhi. Shujaa anatoka nje kavaa vazi la kujishonea nyumbani. Hofu yake inatoka hapo, kwamba mlango ni kama wa kwako.

Mwaka 1969 mwandishi yule yule akaiandika upya, safari hii na Alberto Breccia. Breccia alikuwa fundi mkubwa pengine kuliko wote. Akatumia madoa ya wino, vipande vya kubandika, vitu ambavyo huwezi kusema ni nini, na viumbe wake vinatisha kwa sababu jicho halipati pa kuvishika. Gazeti lililoitoa lilifanya ikatishwe haraka, wasomaji hawakuipenda, na siasa zake pia zilikuwa kali zaidi. Leo wachoraji wanaisoma kama darasa.

Hadithi moja, mwandishi mmoja, hofu mbili tofauti kabisa. Mimi siwezi kukwambia Breccia alichora "vizuri zaidi". Alieleza kitu kingine. Solano López anakutisha kwa kitu unachokijua, Breccia kwa kitu usichokijua. Sasa rudi kwa huyo binti: nyuso zote kufanana kunaidhuru hadithi yake au kunaisaidia? Kama bibi na kile kilichoko kisimani vina uso mmoja, mimi nisingekata hata alama moja.

KurasaTatu

Samahani, nimerudi kusoma uzi kuanzia juu. Mwalimu, umesema mlibandika kurasa UBAONI? Zote nane pamoja?

Hapo ndipo mlipomwangusha huyo binti. Katuni ya kutisha inaishi kwenye kugeuza ukurasa. Junji Ito wa Japani ndiye anayelijua hili kupita wengi: mwisho wa ukurasa mtu anatazama kitu ambacho sisi hatukioni, unageuza, kimejaza ukurasa mzima. Kwenye ubao jicho limeshaliona la ukurasa wa 6 kabla hujamaliza wa 2. Tengenezeni vijitabu. Kila jaji asome peke yake, akiwa amekaa.

Na jambo jingine la kumwambia atakayekosa nafasi ya kwanza. Ito alipotuma kazi yake kwenye shindano la gazeti mwaka 1987, wakati huo akiwa fundi wa meno, hakushinda. Alitajwa tu kwa heshima. Lakini mmoja wa majaji alikuwa Kazuo Umezu mwenyewe, bingwa wa katuni za kutisha ambaye Ito alimsoma tangu utotoni, na kazi ile ndiyo iliyomfungulia njia. Kwa hiyo andikeni maoni kwa kila mtoto, msiishie kwenye namba.

Mwalimu_Tanga

Wakuu, nimerudi. Jana nilipeleka kazi zote steshenari, tukatoa kopi mbele na nyuma, tukazibana kwa stepla.

Ya binti kwanza. Ukurasa wa 5 uko kulia. Fremu ya mwisho ni kamba ya ndoo tu, imekazwa, kama kuna uzito upande wa chini. Ukigeuza, wa 6 ni uso wa bibi umejaza ukurasa wote, anatabasamu, maji yanamtoka mdomoni. Mwalimu wa sanaa alipofika hapo aliweka kijitabu mezani akakaa kimya, kisha akarudi nyuma kuitazama ile kamba tena. Ubaoni sote watatu tuliipita. Na Nahodha, ni kama ulivyosema, uso wa bibi ni ule ule wa mtoto. Sijui kama alikusudia. Nitamwuliza baada ya matokeo.

Sasa ya Mirihi, na hapa nawiwa na kijana wa watu. NatiNaBolti alisema fuata kitu kimoja. Mwalimu wa fizikia ndiye aliyekifuata. Nyuma ya rubani, kila anapoonekana ndani ya chombo, kuna geji ya oksijeni. Ukurasa wa 2 mshale uko juu. Wa 3 umeshuka kidogo. Wa 5, nusu. Ukurasa wa 8 wanashangilia, wamekumbatiana, na nyuma yao mshale umelala kwenye sifuri. Hakuna neno hata moja kuhusu geji katika kazi nzima. Mimi niliandika kwenye fomu, "hadithi nyepesi, wanashinda tu," nikampa 21 kati ya 50. Nilisoma maputo ya maneno nikaona nimesoma katuni.

Fomu ile tumeichana. Kazi zote 19 zinasomwa upya kijitabu kwa kijitabu, na kila mtoto atapata nusu ukurasa wa maoni. Nafasi ya kwanza bado tunabishana, mwalimu wa sanaa sasa ndiye anayemtetea binti na mimi nimehamia Mirihi. Tunatangaza Ijumaa.

WinoMweusi

Mwalimu, huyo mwenye geji, asiache kuchora. Na huyo mwenye kamba mtafutieni kalamu nzuri ya wino mweusi, nitachangia.