Wenye moyo uliotanuka: sonona, ule ugonjwa wa kukosa hamu ya maisha, iliwaanzaje? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam.

Mwaka wa tatu huu tangu niambiwe moyo umetanuka na hausukumi damu inavyotakiwa. Eko ya kwanza, kile kipimo cha picha ya moyo, ilisoma nguvu ya kusukuma damu asilimia 25. Chanzo presha, niliiachia miaka. Kuvimba miguu na kulalia mito mitatu nimeshazoea. Kilichonishinda ni kingine.

Vile vidonge vya kukojoa, Lasix. Ukimeza asubuhi, ndani ya saa moja choo kinakuita, tena si mara moja. Mimi natokea Mbagala, daladala imejaa, foleni ya Mtongani haisogei. Siku moja nilishindwa kujizuia. Sisemi zaidi. Tangu hapo siku ya kutoka simezi, baadaye nikaona bora nisitoke kabisa. Harusini sikwenda, misibani natuma rambirambi kwa simu. Saa tisa usiku niko macho, nahesabu mizunguko ya feni. Mke wangu akasema ni moyo, nami nikasema ni moyo. Kliniki wanapima presha, uzito, basi. Nikaanza kuruka na dawa nyingine, wala si kwa kusahau. Niliona za nini.

Nyie mlijuaje kwamba hii siyo moyo tu?

MAMA PACHA: Wangu ulianza wiki ya tatu baada ya kujifungua. Nakohoa usiku, kulala chali siwezi, kila mtu anasema uchovu wa uzazi. Kumbe moyo. Nikaambiwa nisibebe mimba tena, na nina miaka 27. Mama mkwe alilia sana. Mimi sikutoa hata chozi, na hapo ndipo dada yangu aliposhtuka. Watoto wakilia nawatazama kama wa jirani. Wakasema nimerogwa, nikapelekwa kuombewa. Maombi siyakatai, ila kilichoniinua ni kukaa na mshauri nasaha kila Alhamisi, mara nane. Kazi ya kwanza aliyonipa niliiona ya kitoto: niwaogeshe pacha mwenyewe, nimekaa kwenye kigoda.

KIJANA WA MZEE: Mgonjwa ni baba, Yanga damu. Novemba 2023 Yanga wameifunga Simba 5-1, mtaa mzima kelele, mzee kageukia ukutani. Hakuuliza hata nani kafunga! Wiki hiyohiyo nikatandika kitanda chake, nikakuta vidonge chini ya godoro. Vya mwezi mzima.

MKWELI DAIMA: Jamani, mtu ana moyo mbovu, mnataka acheke? Sonona mambo ya wazungu.

NESI WA ZAMU: Mkweli, kuhuzunika ni haki yake. Ila mwenye huzuni mjukuu akimpandia mapajani utamwona anatabasamu. Sonona inakaa wiki mbili na zaidi, karibu kila siku, na alichokipenda hakitaki tena. Inajificha kwa sababu kuchoka, kukosa usingizi na kutokula vinaletwa na moyo pia. Ndiyo maana mimi huuliza habari za mpira, kwaya, bao. Tafiti zinakadiria mmoja kati ya watano wenye moyo kushindwa kufanya kazi anayo, kwa hiyo hamko peke yenu.

Halafu wapo wanaonunua amitriptilini dukani, dawa ya sonona ya zamani, ili wapate usingizi: msimeze kienyeji, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo uliochoka. Setralini, dawa nyingine ya sonona, ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 469 wa moyo wa aina hii, majibu yakachapishwa 2010. Ilionekana salama, ila kwa kuondoa sonona haikukizidi kidonge cha kulinganishia kisicho na dawa ndani. Kwa hiyo kidonge pekee msikitegemee. Mazungumzo kama ya Mama Pacha yanasaidia, na kutembea kidogo kidogo kama daktari ameruhusu. Mwenye mawazo ya kujiua asisubiri tarehe ya kliniki, apelekwe leo, na asiachwe peke yake.

Mleta mada, muulize daktari kama siku ya safari unaweza kumeza Lasix ukirudi mchana. Wengi huruhusiwa.

MLETA MADA: Nesi, miaka yote hii sikujua hilo linaulizika! Kliniki ni Jumanne. Nimeandika maswali mawili nyuma ya kadi. La Lasix nitauliza mwenyewe. La pili naona aibu kulitamka, mke wangu kasema atalisoma yeye.