Tupeane uzoefu: raha ya kwikishifta, kupiga gia bila kugusa klachi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wenye pikipiki zenye kwikishifta. Kuna watakaosema ni mbwembwe za vijana wa mjini. Waseme tu.

Naanza mimi. Nina Yamaha MT-09 ya 2017, kwikishifta yake ni ya kupandisha gia tu, kushusha lazima ushike klachi. Raha yake niliijulia barabara ya Mombo kwenda Lushoto. Unatoka kwenye kona na gia ya 2, chombo kikishasimama wima unafungua mafuta, kisha unainua vidole vya mguu ndani ya buti. Tak! Gia ya 3 imeingia, eksozi imetoa "prap" moja fupi, na kifua hakijayumba hata kidogo. Zamani mama watoto akikaa nyuma, kila nikibadili gia helmeti yake ilikuwa inanigonga kisogoni. Siku hizi tunafika Soni bila ugomvi.

Haya, mwageni yenu.

Mdau wa Dodoma: Mkuu, elimu kidogo kwanza. Gia inaingiaje bila klachi? Giaboksi haifi?

Fundi wa Arusha: Haifi ukiitumia inavyotakiwa. Kwenye ile fimbo ya pedali ya gia kuna sensa. Ukisukuma mguu, inaiambia kompyuta ya injini ikate moto wa plagi kwa sehemu chache za mia za sekunde. Nguvu ya injini ndiyo iliyokuwa imeyabana meno ya gia. Ikikatika yanalegea, gia moja inachomoka, nyingine inaingia, moto unarudi. Wewe mkono wa mafuta hujaulegeza.

Kushusha ni kazi nyingine, maana hapo injini inatakiwa ipigwe resi kidogo ili mzunguko wake ulingane na gia ya chini. Ndiyo maana zinazoshusha huwa na akseleta ya umeme, siyo ya waya mtupu. Hata BMW S1000RR ilipotoka 2009 iliuzwa na ya kupandisha tu, tena kwa kulipia zaidi. Ya kushusha ikaja na toleo la 2015.

Kinachoumiza giaboksi ni mguu mvivu. Sukuma mara moja, kwa nguvu, mpaka mwisho. Kubembeleza pedali nusunusu ndiko kunakoleta vilio gereji.

Mdau wa Nairobi: Mimi raha yangu ni kushusha, bana. Niko na KTM 390 Adventure. Ukiteremka kwenda Mai Mahiu, pale karibu na kakanisa kadogo walikojenga wafungwa wa Kiitaliano, utakuta trela mbele linatambaa na matatu nyuma inakusukuma. Napiga 4, 3, 2, mkono wa kushoto haujabanduka kwenye usukani, na injini inajipigia resi yenyewe, vum, vum. Gurudumu la nyuma linatulia tu.

Lakini jam ya Waiyaki Way usiniulize. Kutoka 1 kwenda 2 polepole inagonga kama nyundo. Hapo nashika klachi kama kila mtu.

Mdau wa Temeke: Mnajisifu bure. Mimi na Boxer yangu nalegeza mafuta kidogo tu, nakanyaga, gia imeingia, klachi sijaigusa. Hiyo sensa yangu nimezaliwa nayo.

Mwanzisha uzi: 😂😂 Umeielewa kuliko wengi hapa. Kwikishifta inafanya hicho hicho, tofauti ni kwamba wewe unalegeza mafuta, sisi tunayaacha wazi.

Mdau wa Uingereza: Niko na Triumph Street Triple RS ya 2020, inapandisha na kushusha. Huku barabara tamu zina kamera. Ile A537 ya Macclesfield kwenda Buxton, kamera zinapima wastani wa mwendo wako na mwisho ni maili 50 kwa saa. Wenzangu wananung'unika, mimi naimba. Nacheza na gia ya 2 na ya 3 njia nzima, injini iko juu, masikio yanapata haki yake, na leseni iko salama mfukoni. Anayedhani kifaa hiki ni cha kukimbiza hajakaa na injini ya silinda tatu.

Mdau wa Mwanza: Pikipiki yangu haikuja nayo. Naweza kufungiwa ya kununua pembeni?

Fundi wa Arusha: Inawezekana kwa nyingi, ila mara nyingi ni ya kupandisha tu. Kabla hujalipa, chuchumaa pembeni ya pikipiki, mwambie mtu apandishe gia, uangalie ile fimbo: inasukumwa au inavutwa? Sensa nyingine zinasoma upande mmoja tu, na muuzaji lazima ajue. Wakishafunga, waombe wakurekebishie muda wa kukata moto. Ukiwa mrefu mno, utasikia pikipiki inakwama kwama kila gia.