Maiki ya hedseti ya USB inasikika kwa mbali sana kwenye Linux Mint, naomba msaada

MwalimuWaJioni
Jumatano, saa 2:15 usiku

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Kiswahili kwa njia ya mtandao, na wanafunzi wangu wengi wako Ujerumani. Wiki ya pili sasa kila kipindi kinaanza na "Mwalimu, hatukusikii." Nilinunua hedseti ya USB nikijua nimemaliza shida ya maiki ya laptop, kumbe ndiyo nimeianza. Mimi nawasikia vizuri kabisa. Wao wananisikia kama niko chumba cha pili na mlango umefungwa. Nikisema "ghali" wanasikia "hali", na kwa somo la matamshi hilo ni pigo kubwa.

Natumia Linux Mint 22, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Kwenye mipangilio ya sauti, upande wa kuingiza, nimechagua hedseti na kupandisha hadi 100. Ule mstari unaocheza ukiongea hauvuki robo hata nikipaza sauti. Hedseti hiyohiyo kwenye kompyuta ya kaka yangu yenye Windows inasikika safi, kwa hiyo siamini kwamba ni mbovu.

Kipindi kijacho ni Jumamosi saa 1 usiku. Teminali, lile dirisha la kuandika amri, siijui sana, lakini nikielekezwa nafuata.

FundiWaya
Jumatano, saa 2:40 usiku

Pole sana mwalimu. Tuanze na vya mkononi. Kwaruza kidogo kwa ukucha ile ncha ya maiki huku ukiangalia mstari. Ukiruka juu, basi kweli inayosikiliza ni hedseti na si maiki ya laptop. Pili, kijiti cha maiki kina upande: tundu liangalie mdomo, umbali wa vidole viwili hivi, pembeni kidogo ili pumzi isilipige. Maiki nyingi za kuzuia kelele huchukulia sauti ya upande wa nyuma kuwa kelele, kwa hiyo ukiigeuza inakupunguza wewe mwenyewe.

Kama umechomeka kwenye habu, kile kifaa cha kuongeza matundu ya USB, ondoa, chomeka moja kwa moja kwenye laptop.

MwalimuWaJioni
Jumatano, saa 3:05 usiku

Nimekwaruza, umeruka hadi mwisho. Tundu linaangalia mdomo. Habu sina. Kwenye waya kuna gurudumu, lakini ni la sauti ya masikioni tu, na kitufe cha kunyamazisha ambacho hakijabonyezwa.

Kibao_07
Jumatano, saa 3:20 usiku

Mwalimu usihangaike. Instoli pavucontrol, programu ya kurekebisha sauti, nenda upande wa vifaa vya kuingiza, vuta hadi 150. Mimi ndivyo nilivyofanya mwaka jana na sijasumbuka tena.

MwalimuWaJioni
Jumatano, saa 4:00 usiku

Ahsante Kibao. Nimefanya na sauti imekua kweli, lakini kuna "shhhh" imeingia kwa nyuma, na feni ya chumbani inasikika kana kwamba nimeivaa shingoni. Nimejirekodi dakika moja nikashindwa kumaliza kusikiliza. Mtu hawezi kukaa na hii saa nzima masikioni.

NahodhaWaTeminali
Alhamisi, saa 12:30 asubuhi

Dada mwalimu, rudisha 150 iwe 100 kwanza. Kibao hajakosea, kwa hedseti yake ilitosha, ila kwako tatizo liko chini zaidi ya hapo.

Hedseti ya USB ina kadi yake ya sauti ndani yake. Sauti yako inakuzwa humohumo, inageuzwa kuwa namba humohumo, na kinachopita kwenye waya kwenda laptop ni namba tupu. Kama ule ukuzaji wa mwanzo uko chini, sauti yako inageuzwa ikiwa ndogo, karibu sawa na kelele za vifaa vyenyewe. Ukija kuzidisha baadaye, unazidisha vyote viwili. Ni kama picha iliyopigwa gizani: ukiing'arisha, na chenga nazo zinang'ara.

Kwenye Linux mambo haya yako ngazi mbili. Chini kuna ALSA, iliyo ndani ya keneli (kiini cha mfumo), ndiyo inayozungumza na kifaa. Juu yake kuna PipeWire, ambayo Mint 22 inaitumia badala ya PulseAudio ya zamani. Kile unachovuta kwenye mipangilio ni cha juu. Kwa kawaida cha juu kikisogea, cha chini nacho husogea. Lakini kuna hedseti ambazo PipeWire haikishiki kidhibiti chake cha ndani, basi wewe unavuta cha juu tu na cha chini kinabaki pale kilipozaliwa. Nahisi ndiyo hali yako, lakini tusikisie. Fungua teminali uandike:

`arecord -l`

Utaona orodha ya kadi zinazoweza kurekodi. Tafuta yenye USB, tazama namba yake. Kama ni 2, andika:

`arecord -D plughw:2,0 -f S16_LE -r 48000 -d 8 jaribio.wav`

Ongea kawaida sekunde 8, kisha `aplay jaribio.wav`. Rekodi hii inapita chini ya PipeWire. Ikikuambia kifaa kinatumika, funga pavucontrol na programu ya mikutano. Pavucontrol peke yake inaweza kukishikilia kwa sababu ya ule mstari wake unaocheza.

Kisha andika `alsamixer -c 2`, itafungua vidhibiti vya ALSA vya kadi hiyo, bonyeza F4 uone vya kurekodi. Niambie Mic iko ngapi. Ukiwa umeiacha wazi, nenda kwenye mipangilio ya kawaida, vuta sauti ya kuingiza kutoka 100 hadi 30, uone kama ile nguzo ya alsamixer inasogea nayo.

MwalimuWaJioni
Alhamisi, saa 8:10 mchana

Nahodha, nimefuata neno kwa neno.

Kadi ni ya 2, jina lake Headset. Rekodi ya sekunde 8 ni ndogo vilevile, sauti ya mbali. Kwenye alsamixer, Mic iko 19! Na nilipovuta kule kwenye mipangilio, nguzo haikusogea hata kidogo.

NahodhaWaTeminali
Alhamisi, saa 8:25 mchana

Basi tumempata. Hapohapo kwenye alsamixer, bonyeza mshale wa juu ufike 80 au 85. Usiende 100 kwanza, maana ukicheka au ukiita kwa nguvu sauti itakatika kileleni, na sauti iliyokatika hairudi. Kule juu kushoto soma desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) zimetoka ngapi hadi ngapi.

Halafu bonyeza F5. Kama kuna Auto Gain Control, yaani maiki kujipandisha na kujishusha yenyewe, ikiwa na herufi MM imezimwa, ikiwa na 00 imewashwa. Kitufe M ndicho kinachobadilisha. Kwa kufundisha napendelea izimwe. Ukinyamaza ili mwanafunzi ajibu, inajipandisha yenyewe kutafuta sauti, na hapo ndipo feni yako inapovamia.

MwalimuWaJioni
Alhamisi, saa 9:00 alasiri

Imetoka 4 imefika 17. Auto Gain Control ipo, ilikuwa imewashwa, nimeizima. Nimerekodi tena: ni mimi, niko hapahapa, na "shhhh" siisikii tena. Nashukuru mno.

NahodhaWaTeminali
Alhamisi, saa 9:10 alasiri

Desibeli 13 hizo ni zaidi ya mara 4 ya ulivyokuwa, na umezipata kabla sauti haijageuzwa namba. Sasa hifadhi, la sivyo ukichomoa au ukizima mashine huenda ikarudi 19:

`sudo alsactl store`

Itaandikwa kwenye `/var/lib/alsa/asound.state` na kurudishwa kadi inapotokea tena. Na kwa kuwa namba ya kadi hubadilika ukichomeka tundu jingine, zoea kutumia jina: `alsamixer -c Headset`.

MwalimuWaJioni
Ijumaa, saa 3:30 usiku

Samahani kurudi tena. Leo nimefanya mazoezi na mwanafunzi mmoja. Dakika kumi za kwanza safi, baadaye akaniambia nimeanza kufifia. Alsamixer bado ni 85, lakini kwenye mipangilio ya kawaida nimekuta 40 na mimi sijaigusa.

SautiYaPwani
Ijumaa, saa 3:50 usiku

Hiyo ni programu ya mikutano, dada. Ndani ya mipangilio yake ya sauti kuna kisanduku cha kuiruhusu irekebishe maiki kiotomatiki. Kiondoe alama. Yangu ilinisumbua hapa Mombasa miezi mitatu, nikilaumu intaneti bure.

NahodhaWaTeminali
Ijumaa, saa 4:05 usiku

SautiYaPwani amesema kweli. Na tusiidharau hiyo 40. Namba hizo hazishuki sawia. PulseAudio na PipeWire zote huzipandisha kwenye kipeo cha tatu. Kwa 40, inayobaki ni 0.4 mara 0.4 mara 0.4, yaani kama sehemu moja ya 16. Ndiyo maana mtu anaona "nimepunguza kidogo tu" na wenzake hawamsikii kabisa. Ondoa kile kisanduku, kisha rudisha 100 kwa amri hii:

`wpctl set-volume @DEFAULT_AUDIO_SOURCE@ 1.0`

Mgeni_Arusha
Jumamosi, saa 4:20 asubuhi

Nimefuata uzi huu kwa hedseti yangu, lakini nikibonyeza F4 naambiwa hakuna vidhibiti vya kurekodi. Nifanyeje?

NahodhaWaTeminali
Jumamosi, saa 5:00 asubuhi

Hakikisha kwanza umechagua kadi sahihi kwa F6. Kama ni yenyewe na bado hakuna, basi hedseti yako haikutoa kidhibiti cha ndani, na kilichobaki ni njia ya Kibao, kuongeza kwa juu, pamoja na kusogeza maiki karibu na mdomo. Ukipunguza umbali kwa nusu unapata karibu desibeli 6 bila kelele yoyote ya ziada.

MwalimuWaJioni
Jumamosi, saa 2:35 usiku

Kipindi kimeisha sasa hivi. Dakika 90, hakuna aliyeniambia nirudie kwa sababu ya sauti. Tumefanya "ghali" na "hali", kisha "ng'ombe" na "ngoma", na mwanafunzi mmoja ameniuliza kama nimenunua maiki mpya. Mic 85, juu 100, kisanduku hakina alama, nimeshazima na kuwasha mara mbili na bado iko palepale.

FundiWaya, Kibao, SautiYaPwani, na wewe Nahodha, ahsanteni sana.